Majilio ya Moyoni: Mwongozo Kamili wa Kuzifanyia Kazi Alama za Majilio

Mishumaa minne, kitambaa cha urujuani, shada la majani mabichi, pango ambalo bado halina mtoto. Alama za Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, ni chache na Wakristo wengi wanazijua tangu utotoni. Ila kila moja iliwekwa ili iende pamoja na tendo fulani, na ikikosa tendo hilo inabaki pambo tu la mezani. Hapa tunachukua alama moja moja na kuipa kazi yake: ifanywe lini, ichukue muda gani, na kwa kawaida huharibikia wapi.

Jambo moja liwe wazi kabla ya yote. Katika karne ya 12 Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alihubiri kwamba Bwana anakuja mara tatu: alikuja katika mwili, atakuja katika utukufu, na katikati ya hizo mbili huja kwa siri rohoni mwa anayempokea. Ujio huo wa katikati ndio tunaouandalia moyo. Ule wa Bethlehemu ulishatokea. Wa mwisho hauko mikononi mwetu.

Hesabu siku zako kwanza

Majilio huanza Dominika (Jumapili) iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Kwa hiyo Dominika ya kwanza haitangulii 27 Novemba wala haivuki 3 Desemba, na kipindi kizima huwa na siku 22 hadi 28. Mwaka 2026 kinaanza 29 Novemba (siku 26), mwaka 2027 kinaanza 28 Novemba (siku 27), na mwaka 2028 kinaanza 3 Desemba (siku 22). Uangalie sana mwaka wa aina hiyo ya mwisho. Dominika ya nne inaangukia tarehe 24 Desemba yenyewe, kwa hiyo "wiki ya nne" ni asubuhi moja tu, na aliyejiwekea kazi za wiki hiyo atajikuta hana wiki.

Kanisa huanza Jumamosi jioni, kwa Masifu ya Jioni ya kwanza, yaani sala rasmi ya jioni. Shada, mishumaa na Biblia viwe tayari Jumamosi mchana.

Halafu tafuta uko mwaka gani wa masomo ya Biblia yasomwayo kanisani, kati ya mitatu inayopokezana: A, B na C. Chukua mwaka wa kalenda unaofuata, maana Majilio ya Novemba 2026 yanafungua mwaka wa 2027, kisha ugawe kwa 3. Ukigawanyika bila baki ni Mwaka C, baki ikiwa 1 ni Mwaka A, baki ikiwa 2 ni Mwaka B. Mwaka A husomwa zaidi Mathayo, B Marko, C Luka. Wakatoliki hufuata mpango huo, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yana mpango unaokaribiana nao sana. Kama kanisa lako lina kalenda yake, fuata hiyo.

Ujue pia kwamba kipindi hiki kina sehemu mbili zisizolingana. Mpaka 16 Desemba masomo yanaelekea zaidi kurudi kwa Bwana mwisho wa nyakati, na sauti inayosikika sana ni ya Isaya na Yohane Mbatizaji. Kuanzia 17 Desemba yanageukia kuzaliwa kwake. Wengi hurukia sehemu ya pili tangu siku ya kwanza, ndiyo maana ikifika tarehe 20 wamekwisha kuchoka na Noeli ambayo haijafika.

Shada: vipimo na hatari zake

Shada la mishumaa lilianzia Hamburg mwaka 1839, pale mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alipowatengenezea watoto aliokuwa akiwalea gurudumu la mishumaa: midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Baadaye ikabaki minne. Duara halina mwanzo wala mwisho, nalo ni alama ya umilele. Majani mabichi ni uhai. Mwanga unaoongezeka wiki hadi wiki ni Kristo anayekaribia. Kwa desturi iliyoenea, mitatu ni ya urujuani na mmoja wa rangi ya waridi, unaowashwa Dominika ya tatu. Majina ya mishumaa (tumaini, amani, furaha, upendo, au manabii, Bethlehemu, wachungaji, malaika) ni desturi nzuri, ila si sheria, na mpangilio wake hutofautiana. Msigombane juu yake.

Duara la sentimita 30 hadi 35 linatosha meza ya nyumbani. Kitako kiwe cha chuma au udongo, kamwe kisiwe cha plastiki. Kuhusu urefu wa mishumaa, piga hesabu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea. Ukiwasha robo saa kila jioni kwa siku 28, mshumaa wa kwanza utawaka kwa jumla ya saa 7, wa pili saa 5 na robo, wa tatu saa 3 na nusu, wa nne saa 1 na dakika 45. Mshumaa mwembamba, wenye kipenyo cha sentimita 2 hivi, huungua takriban sentimita 2.5 kwa saa, yaani ule wa kwanza utapoteza karibu sentimita 18. Ukinunua wa sentimita 20, mwali utafika kwenye majani kabla ya Noeli. Chukua wa sentimita 25 au zaidi, na uujaribu mmoja kwa saa nzima kabla ya kuanza, kwa sababu nta hazilingani.

Usibadilishane nafasi za mishumaa ili ilingane urefu. Ngazi ile inayojitokeza, mmoja mfupi na mwingine mrefu, ni kumbukumbu ya jioni mlizokaa pamoja.

Majani ndiyo hatari yenyewe. Yakifika wiki ya pili huwa yamekauka, na jani kavu hushika moto kwa cheche moja. Yabadilishe kila Jumamosi, acha angalau sentimita 5 kati ya majani na chini ya mwali, na usiondoke chumbani mshumaa ukiwaka. Wakati wa kuzima, funika mwali kwa kizimio cha chuma au kijiko kilichogeuzwa. Kupuliza hurusha nta ya moto kwenye majani na usoni mwa watoto.

Robo saa ya kila jioni

1. Zima taa ya umeme kabla ya kuwasha mshumaa, si baadaye. Kaeni gizani kimya dakika mbili. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, wakati ndiyo inayoipa alama nguvu. Mwali mdogo chini ya taa kubwa hauonekani, hata ungekuwa na maana kiasi gani.
2. Mmoja awashe mishumaa ya wiki hiyo. Wiki ya kwanza mmoja, ya pili miwili, na kuendelea.
3. Soma Injili ya siku polepole, mara moja. Ikizidi mistari 12, chagua sehemu.
4. Kimya dakika tano. Anayeishi peke yake atumie saa yenye kengele, asichungulie simu.
5. Kila mtu ataje neno moja au sentensi moja aliyobaki nayo. Hakuna kufafanua wala kuhubiriana.
6. Sala ya Baba Yetu, wimbo mmoja, zima.

Penye watoto wadogo, kimya kiwe dakika moja tu na yote yaishe ndani ya dakika nane. Mtoto anayekumbuka kwamba Majilio ni kukemewa asicheke hajapata chochote.

Ukikosa jioni moja, usiilipe kesho yake. Anza na somo la siku uliyomo. Kulipa madeni ya sala ndiyo njia ya haraka ya kuiacha kabisa, maana siku ya nne deni huwa saa nzima.

Wiki ya kwanza: kukesha

Injili zote tatu za Dominika hii, kwa miaka A, B na C, zinaagiza kukesha. Katika Marko 13 mwenye nyumba anaweza kurudi jioni, usiku wa manane, jogoo anapowika, au asubuhi. Hizo zamu nne uzitumie kama zilivyo. Kwa siku tatu, kila usiku kabla ya kulala, andika mstari mmoja: ni zamu gani leo nilisinzia kiroho? Kwa huyu ni asubuhi, anaamka na kushika simu kabla hata ya kujifanyia ishara ya msalaba. Kwa yule ni jioni, anarudi kazini amechoka na kila anayemsemesha anamkera. Siku ya nne utaona zamu inayojirudia.

Sasa punguza kitu kimoja, katika zamu hiyo hiyo. Kiwe kitu cha kupunguza, si cha kuongeza: simu ilale chumba kingine, runinga izimwe saa tatu, au habari zisomwe mara moja kwa siku. Mshika mawili moja humponyoka. Aliyejipangia kufunga, rozari nzima, kitabu cha tafakari, Misa ya kila asubuhi na kuacha sukari, kwa kawaida huwa ameacha vyote ifikapo Dominika ya pili, kisha anabeba aibu ya kushindwa mpaka Noeli.

Na isigeuzwe Kwaresima ndogo. Urujuani ni rangi ya toba, kweli, na Dominika za Majilio "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi. Lakini Aleluya inabaki, jambo ambalo Kwaresima hairuhusu. Toba ya hapa ni ya mtu anayefagia nyumba kwa sababu mgeni yuko njiani.

Wiki ya pili: barabara ya nyikani

Hapa ndipo penye kazi kubwa ya kipindi chote, kwa hiyo tenga muda. Isaya 40 inaagiza njia ya Bwana itengenezwe jangwani, na Luka 3 inarudia maneno hayo kinywani mwa Yohane: mabonde yajazwe, milima ishushwe, palipopotoka panyooshwe, palipoparuza palainishwe. Hizo ni kasoro nne za barabara, na kila moja hutengenezwa kwa namna yake. Ukizichanganya utashusha bonde na kuongeza mlima.

Jumatatu ya wiki ya pili, kaa na karatasi dakika 40. Ikunje mara mbili ili upate sehemu nne.

*Mabonde* ni palipopungua: sala iliyoachwa, mzazi asiyepigiwa simu, shukrani isiyotolewa, mgonjwa uliyesema utamwona. Bonde hujazwa, kwa hiyo dawa yake ni kufanya.

*Milima* ni kilichozidi: kazi iliyomeza nyumba, kujisifu, kinyongo kilicholishwa miaka, hamu ya kushinda kila mabishano. Mlima haushuki kwa siku moja. Unachimbwa kila siku kidogo.

*Palipopotoka* ni pasipo ukweli: hesabu iliyopindishwa, deni unalolikwepa, hadithi unayoisimulia ukijua si hivyo ilivyokuwa. Hapa sala peke yake haitoshi. Kinachotakiwa ni kurudisha, kulipa au kusahihisha.

*Palipoparuza* ni tabia zinazowachubua watu, wakati mwingine bila wewe kujua: sauti, dhihaka, kukatiza mtu akiongea. Sehemu hii huijazi peke yako. Muulize mmoja unayeishi naye, "Nikupe nafasi useme jambo moja linalokuumiza," kisha nyamaza. Usijitetee hata kwa neno moja.

Namna ya kuandika ina uzito. "Mimi ni mkali" haina kazi yoyote, kwa sababu haina siku, mtu wala mahali. "Mtoto akichelewa kuamka namfokea kabla sijamsalimia, karibu kila siku ya shule" ina vyote, na dawa inajitokeza yenyewe: salamu kwanza. Kila mstari uonyeshe tendo, aliyetendewa, na linatokea mara ngapi. Isizidi mistari 12 kwa karatasi nzima.

Iache mpaka Jumatano, kisha uisome tena na uchague mstari mmoja tu wa kufanyia kazi hadi Noeli. Ikiwa kuna lililo chini ya "palipopotoka" linalomdhuru mtu mwingine leo hii, hilo ndilo litangulie. Usichague jepesi kwa kuwa ni jepesi.

Kuna watu ambao zoezi hili huwaumiza: wenye dhamiri isiyotulia, wanaopata dhambi mpya kila wakigeuka. Kama ni wewe, andika mistari mitatu, mpelekee padre au mchungaji wako, na usirudi kwenye karatasi. Ukumbuke pia njia hii ni ya nani. Nabii hakusema tujenge barabara ya kumfikia Mungu. Yeye ndiye anayesafiri, sisi tunaondoa mawe.

Kwa Wakatoliki, kitubio, yaani maungamo kwa padre, kifuate hapa, kabla ya 17 Desemba. Siku mbili za mwisho foleni ni ndefu, padre amechoka, na wewe kichwa kiko kwenye maandalizi.

Kama mstari wako unahusu kuomba msamaha, taja tendo lenyewe, taja madhara yake, usitie "lakini", na usidai jibu papo hapo. Mwache mwenzako aondoke bila kusema lolote akitaka. Na ikiwa yeye ndiye aliyekudhuru na bado ni hatari kwako, huna wajibu wa kumfuata. Mwombee ukiwa mbali, ukae salama.

Wiki ya tatu: waridi na kanzu mbili

Dominika ya tatu ni Dominika ya Furaha, Gaudete kwa Kilatini, na padre anaruhusiwa kuvaa rangi ya waridi. Urujuani unapauka kama anga kabla ya jua, maana zaidi ya nusu ya safari imepita.

Furaha hii isilazimishwe. Aliyefiwa mwaka huo, au anayeuguza, haambiwi atabasamu kwa sababu mshumaa umebadilika rangi. Katika Injili ya Mwaka A ya siku hii Yohane yuko gerezani na anatuma watu kuuliza, "Wewe ndiye yule ajaye?" Aliyeelemewa awashe mshumaa wake wa waridi akiwa na swali hilo hilo.

Tendo la wiki hii linatoka Mwaka C, na ni zuri mwaka wowote. Watu wanamwuliza Yohane wafanye nini, naye hawapi jibu moja. Umati wanaambiwa mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Hakuna aliyeambiwa aache kazi yake. Basi jiulize hivi: kwenye kazi yangu, nafasi ninayoweza kuitumia kumwonea mtu ni ipi? Mwalimu, mfanyabiashara, mwuguzi, bosi wa ofisi na mzazi hawatakuwa na jibu moja.

Kanzu mbili zichukue kihalisi. Fungua kabati, toa kila ulicho nacho viwili, na utoe kile kizuri zaidi katika angalau jozi moja. Kifue, kinyooshe, vifungo viwe kamili. Kipelekwe kabla ya Dominika ya nne, kwa mkono au kupitia mtu asiyemwaibisha mpokeaji, na pasiwe na picha.

Kuanzia 17 hadi 23: antifona saba

Jioni hizi saba Kanisa huimba antifona, yaani viitikio vifupi vya sala, zinazoanza kwa "Ee", kila moja ikimwita Kristo kwa cheo kutoka Agano la Kale na kumalizia kwa "njoo". Badala ya dakika tano za kimya cha kawaida, chukua antifona ya siku na uombe kitu kimoja kinacholingana nayo.

Tarehe 17, *Ee Hekima*: taja uamuzi unaokusumbua. Tarehe 18, *Ee Adonai*, yaani Bwana, aliyemtokea Musa kwenye kijiti kilichowaka moto: taja amri unayoikwepa. Tarehe 19, *Ee Shina la Yese*: Isaya 11 inasema juu ya kisiki kinachochipua, basi taja kilichokatwa maishani mwako. Tarehe 20, *Ee Ufunguo wa Daudi*, afunguaye wala hapana afungaye: ombea mfungwa, au uraibu, wa kwako au wa mwingine, kwa jina. Tarehe 21, *Ee Mawio*, mng'ao wa nuru ya milele: ombea aliye kwenye giza la huzuni. Tarehe 22, *Ee Mfalme wa Mataifa*, jiwe la pembeni linalounganisha pande mbili: taja pande mbili zisizosemezana katika ukoo au jumuiya yako. Tarehe 23, *Ee Emanueli*: usiombe kitu. Sema "njoo" tu.

Andika majibu yako sita mahali pamoja. Huwa yanafanana kuliko ulivyotegemea, na hapo utajua moyo wako umekuwa ukiomba nini hasa.

Pango tupu

Desturi ya pango inakumbusha Greccio, Italia, mwaka 1223, Fransisko wa Asizi alipoandaa hori lenye nyasi na wanyama hai. Weka pango mapema ukitaka, ila hori libaki tupu mpaka usiku wa Noeli, na mamajusi wawe mbali, upande mwingine wa chumba. Familia zenye watoto huweka bua moja la nyasi horini kwa kila tendo jema la siri. Bua lisiwe na jina la mtu wala lisihesabiwe hadharani. Zikianza kuhesabiwa, ndani ya siku mbili utasikia ugomvi wa nani ana mengi.

Tarehe 24 mchana, pitia ile karatasi ya wiki ya pili. Lililofanyika lifute. Mstari uliobaki uhamishie karatasi mpya yenye tarehe, kisha ya zamani ichome. Usiku, baada ya ibada, mtoto awekwe horini na mshumaa mweupe usimame katikati ya shada, mishumaa minne ikiwaka kuuzunguka. Kwa kalenda ya Kanisa Katoliki Noeli huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana katika Januari, kwa hiyo ile robo saa ya jioni inaweza kuendelea na huo mweupe peke yake; mishumaa ya urujuani na wa waridi, pamoja na majani makavu, viondolewe mezani.